Dungu la Ndege: Mnara wa Kale wa Croydon



Mtu anapofika kwenye kiwanja cha ndege, iwe Lubumbashi, Goma, Kisangani ama Kinshasa, macho yake hukimbilia ndege. Watoto huhesabu magurudumu, akina mama humtafuta mgeni wao mlangoni, na wazee husikiliza ngurumo ya mashini. Ni wachache wanaoinua macho kuutazama mnara wenye chumba cha vioo kileleni. Mnara hauruki, haungurumi, wala haubebi mtu. Lakini pasipo mnara ule, ndege zile zote zingekuwa kama ng'ombe wasio na mchungaji, kila mmoja akishika njia yake, mpaka siku ya kugongana.

Ndiyo sababu leo tunawaalika kufunga nasi safari ya mbali, hata Uingereza, upande wa kusini wa mji wa London, mahali paitwapo Croydon. Hapo ndipo ulipojengwa, mwaka 1920, mnara wa kwanza duniani wa kuongozea ndege. Na hapo umesimama mpaka leo mdogo wake, mnara wa mwaka 1928, ambao sasa ni nyumba ya makumbusho. Tutaona jinsi watu walivyojifunza, polepole na kwa machozi, kumwongoza mwenzao aliye mawinguni asiyeiona njia.

Njia ya kwenda Croydon

Safari yenyewe si ngumu. Kutoka katikati ya London tunapanda treni ya kuelekea kusini, tunashuka katika stesheni ndogo ya Waddon, kisha tunakwenda kwa miguu mpaka barabara kubwa iitwayo Purley Way. Motokari zinapita mfululizo. Kuna maduka makubwa, maghala na nyumba za watu. Anayetafuta kiwanja cha ndege kwa macho hatakiona, maana hakipo tena. Lakini mara, kando ya barabara, linatokea jengo refu la saruji, lenye kujengwa kwa heshima kama jumba la serikali. Na mbele ya mlango wake imewekwa ndege ya zamani yenye injini nne, imeinuliwa juu ya nguzo kama sanamu. Tukizunguka nyuma ya jengo tunauona mnara wenyewe, wa pembe nne, karibu metre 15 kwenda juu.

Mgeni aliyeona minara ya siku hizi aweza kushangaa na kusema: "Mnara mfupi hivi?" Ndiyo, ni mfupi. Lakini mto mkubwa nao huanzia kwenye chemchemi ndogo, na chemchemi hiyo tunaweza kuisimulia kwa miaka na tarehe.

Kibanda juu ya miti

Wakati wa Vita Kuu ya kwanza palikuwa na viwanja viwili vya ndege za kivita mahali hapa, na katikati yake kilipita kijia cha watu na magari kiitwacho Plough Lane. Vita ilipokwisha, Waingereza waliviunganisha, na tarehe 29 mwezi wa tatu 1920 Croydon ikafunguliwa kuwa kiwanja cha kupokelea ndege za wasafiri waendao London na watokao huko. Kijia kiliendelea kupita katikati! Ndege ilipotaka kuvuka toka upande mmoja mpaka mwingine, mtu mwenye bendera nyekundu alisimama njiani kuzuia magari. Tunaweza kucheka leo, lakini mtu yule wa bendera alikuwa tayari anafanya kazi tunayoizungumzia: kusema "ngoja" kwa mmoja, ili mwingine apite salama.

Katika mwezi wa pili wa mwaka ule ule wa 1920, serikali ilikuwa imeagiza kijengwe pale kitu ambacho hakijaonekana bado popote: chumba kilichoinuliwa metre nne na nusu hivi juu ya ardhi, chenye madirisha makubwa pande zote nne, ili aliyemo ndani aone kila kinachotua na kila kinachoruka. Hakikuwa cha fahari. Kilikuwa kibanda cha mbao juu ya miguu ya miti.

Sisi tuliozaliwa kwa wakulima tunakifahamu kibanda cha namna hiyo. Ni dungu! Ni kile kichanja cha shambani wanamokaa vijana wakati mtama unapoiva, ili waone mbali na kupiga kelele kwa wakati wake. Tofauti ni moja tu: dungu la shambani hufukuza ndege, na dungu la Croydon lilizikaribisha.

Nguvu ya dungu hilo haikuwa madirisha peke yake. Ndani yake mlikuwa na redio, ambayo zamani iliitwa simu ya upepo. Mlinzi wa dungu aliweza kusema na rubani aliye angani, na rubani aliweza kumjibu. Mwanzoni hakutoa amri nyingi. Alimweleza rubani hali ya hewa, upande wa upepo, na kama kuna ndege nyingine karibu. Rubani akisikia, aliamua mwenyewe. Siku zile rubani alikuwa mfalme wa anga, na wafalme hawapendi kuongozwa. Ilibidi msiba uwafundishe.

Msiba wa mwaka 1922

Marubani wa miaka ile walisafiri kama msafiri wa miguu asafirivyo. Walitazama chini, wakafuata reli, mto au barabara. Kati ya London na Paris kila mmoja aliijua barabara yake. Mbingu zilipokuwa safi, mambo yalikwenda vema. Ukungu uliposhuka, walishuka nao, wakaruka chini chini ili wasiipoteze barabara.

Tarehe 7 mwezi wa nne 1922 ndege ndogo ya Waingereza iliondoka Croydon ikichukua barua kwenda Paris. Siku hiyo hiyo ndege ya Wafaransa iliondoka Le Bourget, karibu na Paris, ikiwa na abiria watatu, kuja Croydon. Kulikuwa na ukungu. Marubani wote wawili walifuata barabara moja, mmoja akienda na mwingine akija, na hakuna aliyemwona mwenzake ila wakati ulipokuwa umekwisha kupita. Ziligongana juu ya kijiji cha Thieuloy-Saint-Antoine, kaskazini ya Paris. Watu saba walikufa, yaani wote waliokuwamo. Ndiyo ilikuwa mara ya kwanza ndege mbili za usafiri wa watu kugongana angani.

Baada ya maziko watu wa mashirika ya ndege walikutana Croydon kushauriana. Wahenga walisema: Penye wengi hapaharibiki neno. Walikubaliana kwamba kila ndege ishike upande wa kuume wa njia yake, kwamba njia za angani ziandikwe katika ramani na kupewa kila rubani, na kwamba ndege zichukue redio. Tazameni basi, wapenzi: sheria hizi zinazoonekana leo kuwa jambo dogo hazikutoka katika kichwa cha mtu mmoja aliyekaa mezani. Kila moja ina kaburi nyuma yake. Mwanafunzi anayesoma kanuni za barabarani na kuona uvivu, na akumbuke jambo hilo.

Nyuzi tatu juu ya ramani

Sasa twende kwenye kazi yenyewe. Mtu wa mnara aliwezaje kumwonyesha njia rubani asiyemwona, aliye mbali kilomita mia? Siku hizi kuna rada na vyombo vinginevyo. Wakati ule rada haikuwako. Waliokuwako ni watu, redio, simu ya waya, ramani na uzi.

Tuseme rubani anatoka Paris au Brussels. Amekwisha kuvuka bahari, na chini yake ni mawingu matupu. Anaita Croydon kwa redio na kuuliza: mimi niko wapi? Kuuliza si ujinga, na hapa kuuliza kulikuwa uzima. Sauti yake inasikiwa mahali patatu: Croydon penyewe, Lympne, karibu na pwani ya kusini-mashariki, na Pulham, mbali upande wa kaskazini-mashariki. Katika kila kituo kulikuwa na chombo cha kutambua upande sauti inakotoka. Chombo hicho hakisemi ndege iko umbali gani, kinasema tu: "Sauti inatoka upande huu."

Kituo kimoja peke yake hakitoshi, maana ndege yaweza kuwa popote katika mstari ule. Basi Lympne na Pulham walipiga simu Croydon mara moja na kutoa hesabu zao. Juu ya meza ya mnara ilitandazwa ramani, na penye jina la kila kituo palifungwa uzi. Ofisa aliuvuta uzi wa kwanza kufuata upande uliotajwa na Croydon, wa pili kufuata Lympne, wa tatu kufuata Pulham. Pale nyuzi tatu zilipokutana ndipo ndege ilipo. Ofisa alisoma jina la mahali na kumwambia rubani: wewe uko juu ya mji fulani.

Ilibidi yafanyike upesi. Ndege kubwa za siku zile zilikwenda karibu kilomita 160 kwa saa, yaani zaidi ya kilomita mbili na nusu katika kila dakika. Jibu la kweli likichelewa hugeuka kuwa uongo, kwa kuwa ndege imekwisha kupita mahali palipotajwa. Ndiyo sababu watu wa mnara walizoezwa kunyamaza, kusikiliza, kuandika na kusema kwa maneno machache.

Mmoja wa watu hao alikuwa Mwingereza Jimmy Jeffs, ambaye ndiye aliyepewa cheti namba 1 cha uongozaji wa ndege katika nchi yake. Leo wanaoifanya kazi hiyo duniani ni maelfu kwa maelfu, wanaume na wanawake, na ukoo wao wa kazi waweza kuufuata kurudi nyuma mpaka kibanda kile cha mbao.

Neno lililotoka katika Kifaransa

Wasomaji wetu wanaojua Kifaransa watafurahi kwa habari hii. Mwaka 1923 wakubwa wa Croydon walitambua kwamba rubani aliye hatarini hana neno moja la kupaza ambalo kila mtu atalielewa mara moja. Meli zilikuwa na alama yao ya SOS, lakini hiyo ilifaa kwa simu ya kugonga-gonga. Kwa sauti ya mdomo herufi S haisikiki vizuri katika redio yenye mikwaruzo. Kazi ya kutafuta neno alipewa Frederick Stanley Mockford, mkubwa wa redio pale Croydon.

Mockford alifikiri hivi: ndege zetu nyingi huenda Le Bourget na kurudi. Basi neno lifahamike huku na huku. Akachukua neno la Kifaransa "m'aider", maana yake "kunisaidia", akaliandika kwa namna ya Kiingereza: Mayday. Mwaka 1927, katika mkutano wa mataifa huko Washington, neno hilo lilikubaliwa kuwa kilio cha hatari cha redio kwa ulimwengu wote. Mpaka leo rubani aliye katika shida, awe Mkongo, Mjapani au Mbrazili, hulitaja mara tatu mfululizo, na wengine wote hunyamaza ili asikilizwe. Je, si jambo la kupendeza? Watu wa lugha mbili, waliokuwa wamepigana vita mara nyingi katika historia yao, walipewa neno moja la kuokoana.

Jengo jipya na mnara mpya

Kiwanja kilizidi kuwa kidogo. Siku moja kabla ya Noeli ya mwaka 1924 ndege ya abiria ilianguka mara tu baada ya kuondoka Croydon, na watu wanane wakafa. Serikali ilifanya uchunguzi mbele ya watu wote, na mwaka 1925 ilitungwa sheria ya kupanua kiwanja. Kijia cha Plough Lane kilifungwa, na yule mtu wa bendera nyekundu akapumzika.

Dungu la kale lilibaki kazini bado, na tarehe 29 mwezi wa tano 1927 liliona jambo ambalo halikuweza kulizuia. Mwamerika Charles Lindbergh, aliyekuwa amevuka bahari ya Atlantiki peke yake siku chache kabla, alifika Croydon. Watu zaidi ya 100,000 walikuja kumwona. Walivunja vizuizi, wakamwagika uwanjani kama siafu, hata Lindbergh alipogusa ardhi ilimlazimu kuinuka tena na kuzunguka, asije akawakanyaga. Mnara ulijua kuongoza ndege. Kuongoza furaha ya watu ni kazi nyingine.

Jengo jipya lilianza kutumiwa mwanzo wa mwaka 1928 na kuzinduliwa rasmi tarehe 2 mwezi wa tano. Kazi yote iligharimu paundi 267,000. Ndani yake mlikuwa na ukumbi wa abiria wenye saa za kuonyesha wakati wa nchi mbalimbali, ofisi za ushuru, ofisi za mashirika, na wataalamu wa hali ya hewa. Juu ya yote ulisimama mnara, nao ulikuwa na baraza ya kuzunguka nje. Milingoti ya kupelekea sauti ya redio haikuwekwa hapo, ili ndege zisiigonge: iliwekwa kilomita chache kutoka hapo, kwenye uwanda wa Mitcham, na watu wa mnara waliitumia kwa njia ya waya.

Tukipanda ngazi leo mpaka chumba cha juu, tunaweza kuikumbuka kazi ya siku moja. Asubuhi habari inafika kwamba ndege fulani imeondoka Brussels. Ofisa anachomeka kibendera kidogo katika ramani. Kila habari mpya ikija, kibendera kinasogezwa. Anayetaka kuondoka anangoja ishara ya mnara. Anayekuja anaambiwa upepo na zamu yake ya kutua. Usiku taa kubwa zinawashwa kuonyesha kiwanja kilipo. Ukungu ukifunika kila kitu, ofisa anatoka barazani na kutega sikio. Mngurumo unasikika upande wa kusini? Anamwambia rubani: nakusikia kusini. Unakaribia? Anamwambia: unakaribia. Mtu asiyeona anamwongoza mtu asiyeona, nao wote wawili wanategemea masikio na ukweli.

Njia ya Afrika

Wengine watauliza: mambo haya ya Wazungu yanatuhusu nini? Yanatuhusu. Tarehe 28 mwezi wa pili 1931 ndege ya shirika la Imperial Airways iliondoka Croydon kufungua njia ya kila juma ya kuja Afrika Mashariki. Mwisho wa njia ulikuwa Mwanza, kwenye Ziwa Victoria, katika Tanganyika ya siku zile, ambayo leo ni Tanzania. Barua zilikwenda mpaka Mwanza. Abiria mwanzoni waliishia Khartoum. Safari ilikuwa ya hatua nyingi: pengine ndege ya nchi kavu, pengine ndege ya majini, pengine treni. Mwaka 1932 njia hiyo ilifika Cape Town. Basi barua iliyoandikwa na mtu wa Mwanza kwa rafiki yake wa London ilimaliza safari yake chini ya mnara huu.

Na Kongo? Shirika la Ubelgiji la Sabena lilianzishwa mwaka 1923. Mwaka 1925 rubani Edmond Thieffry na wenzake wawili waliondoka Brussels tarehe 12 mwezi wa pili na kufika Léopoldville, ambayo leo ni Kinshasa, tarehe 3 mwezi wa nne. Siku 51! Mwaka 1935 Sabena ilianza kuifanya safari hiyo kwa utaratibu wa kudumu, kwa muda wa siku chini ya saba. Shirika hilo lilifungwa mwaka 2001, lakini wazee wengi wa kwetu bado wanalitaja jina lake. Ndege za Sabena zilikuwa pia zikija Croydon kutoka Brussels. Hivyo mnara huu uliwahudumia watu wa njia zetu pia.

Mnara si mwenyezi

Tungewadanganya wasomaji wetu kama tungesema kwamba tangu mnara kujengwa misiba ilikwisha. Tarehe 10 mwezi wa kumi na mbili 1935 ndege ya Sabena ilikuwa ikitoka Brussels kuja Croydon katika hali mbaya ya hewa. Rubani alikuwa akizungumza na Croydon kwa redio. Ndege ilianguka Tatsfield, kilomita chache tu kabla ya kufika, na watu 11 wakafa.

Mwaka mmoja baadaye, tarehe 9 mwezi wa kumi na mbili 1936, kulikuwa na ukungu mzito. Uwanja wa Croydon ulikuwa wa majani, na juu ya majani ulichorwa mstari mrefu mweupe, ili rubani aufuate wakati wa kuondoka gizani. Ndege ya Waholanzi ilianza kukimbia juu ya mstari ule. Baada ya mwendo mfupi iliuacha, ikaelekea upande wa kushoto kwenye mwinuko wa Purley, ikagonga nyumba. Kati ya watu 17 waliokuwamo, 15 walikufa. Mmoja wao alikuwa Juan de la Cierva, Mhispania aliyevumbua ile ndege yenye mabawa ya kuzunguka juu, iliyowafungulia njia watengenezaji wa helikopta.

Habari hizi mbili zinatufundisha mpaka wa kazi ya mnara. Mnara hauna mkono wa kuishika ndege. Hauna kamba ya kuivuta. Una neno tu. Neno la kweli, likisemwa kwa wakati na kusikiwa vizuri, huokoa wengi. Lakini upepo, barafu na ukungu havisikii neno. Kwa hiyo waongozaji wa ndege walijifunza sehemu ya kazi iliyo ngumu kuliko zote: kumwambia mtu mwenye haraka kwamba leo asije, au kwamba leo asiondoke. Abiria hukasirika, shirika hupata hasara, rubani hunung'unika. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, walisema wazee wetu. Nasi twaongeza kwamba mkuu naye asiyethubutu kusema "hapana" atawavunja watu miguu.

Vita na mwisho wa kiwanja

Mwezi wa tisa 1939 vita ilipoanza, ndege za wasafiri ziliondoka, na Croydon ikarudi kuwa kiwanja cha kivita. Tarehe 15 mwezi wa nane 1940 ndege za Wajerumani ziliipiga mabomu. Askari kadhaa walikufa, na katika viwanda vya kandokando walikufa raia zaidi ya 60, watu waliokuwa kazini wakitafuta riziki. Mnara wenyewe ulinusurika.

Baada ya vita ndege za wasafiri zilirudi, lakini ulimwengu ulikuwa umebadilika. Ndege mpya zilikuwa nzito, zikitaka njia ndefu za lami. Croydon ilikuwa ya majani, imezungukwa na nyumba na vilima, haina pa kujipanulia. Kiwanja kipya cha Heathrow, magharibi ya London, kilichukua kazi yake. Tarehe 30 mwezi wa tisa 1959, jioni, ndege ndogo yenye injini nne iliondoka kwenda Rotterdam katika Uholanzi. Ilikuwa ndege ya mwisho ya wasafiri kutoka Croydon. Hiyo tuliyoiona mbele ya mlango, juu ya nguzo, ni ya aina ile ile.

Uwanja uligawanywa. Sehemu moja ilijengwa nyumba za watu, na barabara zake zikapewa majina ya watu mashuhuri wa urukaji. Sehemu nyingine imebaki majani, na watoto huchezea mpira pale. Jengo kubwa lilikuwa ofisi za watu mbalimbali, na sheria inalilinda lisibomolewe. Katika mnara, watu wa kujitolea wameweka makumbusho: ramani, redio, picha, na mavazi ya marubani. Wengi wao hawapati mshahara kwa kazi hiyo. Wanafanya kwa sababu hawataki watoto wao wafikiri kwamba usalama ulishuka tu kutoka mbinguni kama mvua.

Kazi inaendelea

Siku hizi kazi ya dungu imepata sura ambazo Jeffs na Mockford hawakuziota. Kiwanja cha London City, ndani ya mji ule ule, tangu mwaka 2021 kinaongozwa na watu waliokaa Swanwick, umbali wa zaidi ya kilomita 100. Kamera zimewekwa juu ya mlingoti, na picha zinawafikia kwa njia ya waya. Dungu limebaki, mlinzi wake amehamia mbali. Lakini kazi ni ile ile ya nyuzi tatu: kumsikiliza mwenzako, kuhakikisha kabla ya kusema, na kusema upesi. Mpaka leo rubani akipewa agizo analirudia kwa sauti, na mwongozaji anasikiliza kama limerudiwa sawasawa. Likirudiwa vibaya, husahihishwa papo hapo, bila aibu na bila hasira, maana wote wawili wanajua kwamba nyuma yao wamekaa watu mia, wengine wamelala, wengine wamebeba watoto.

Ninyi wanafunzi mnaopenda ndege, msitamani usukani peke yake. Hesabu, jiografia, Kifaransa na Kiingereza mnavyojifunza darasani ndivyo vilivyowafaa watu wa Croydon: hesabu kwa kupima mwelekeo, ramani kwa kujua mahali, lugha kwa kueleweka na mgeni. Na utulivu wa kusikiliza hausomwi kitabuni. Huanzia nyumbani, kwa mtoto anayetumwa na kurudisha ujumbe bila kuupunguza wala kuuongeza.

Nanyi akina baba na akina mama, jamaa yenu akiwa safarini na ndege yake ikachelewa kwa sababu ya ukungu, msiwalaumu upesi watu wa kiwanja. Huenda juu ya mnara kuna mtu amesimama dirishani, ametazama mawingu, amepima, akasema: "Bado." Mpeni muda wake. Mgeni wenu atafika.